Kizuizi cha kwanza: bakteria na kuzaliwa kwa spishi mpya za wadudu

(Mazungumzo na walimu wa baiolojia wa sekondari, Dodoma. Nimeyaandika upya ili yasomeke, lakini mtiririko ni ule ule wa siku ile, pamoja na swali moja la mwisho.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na wanafunzi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimepewa nafasi ya baada ya chakula cha mchana, katika joto la Oktoba la Dodoma, nizungumzie namna spishi mpya za wadudu zinavyotokea. Aliyepanga ratiba ana imani kubwa na mimi.

Somo hili sote tunalifundisha kwa mtindo mmoja. Tunachora ubaoni kundi moja la viumbe, tunapitisha mto au mlima katikati, tunasubiri miaka mingi, kisha tunawakutanisha tena na kukuta hawazaani. Mfano tunaoupenda ni milima ya Tao la Mashariki: Rubeho, Ukaguru, Udzungwa, Usambara, kila mmoja na misitu yake na viumbe wasiopatikana kwingine. Nyuma ya mchoro huo yuko mwanabaiolojia Ernst Mayr, aliyeeleza mwaka 1942 kwamba spishi ni makundi yanayozaana yenyewe kwa yenyewe huku yakiwa yametengwa kiuzazi na makundi mengine. Mchoro huo ni mzuri na sina ugomvi nao. Ila kuna mhusika ambaye hatumchori, na kwa wadudu kumwacha nje ni kuacha sehemu nono ya habari.

Hoja yangu ni fupi. Kwa wadudu, kizuizi cha kwanza cha uzazi kati ya makundi mawili wakati mwingine hakitokani na jeni za wadudu wenyewe. Kinatokana na bakteria wanaoishi ndani yao. Nasema kizuizi cha kwanza. Ukuta mzima ni habari nyingine, nitaifikia.

Tuanze na bakteria mmoja, Wolbachia. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya viungo vya uzazi vya mbu aina ya Culex, kule Marekani. Hertig akampa jina rasmi mwaka 1936, kisha kwa miongo kadhaa hakuna aliyemjali sana. Leo inakadiriwa kwamba spishi za wadudu zenye Wolbachia ni kati ya asilimia 40 na 66 ya spishi zote. Makadirio yanatofautiana kwa sababu ya namna sampuli zinavyokusanywa, lakini hata ukichukua la chini, hakuna chumba katika jengo hili kisicho na Wolbachia ndani ya mdudu fulani.

Anaishi ndani ya seli. Hawezi kujitegemea nje, na njia yake kuu ya kusafiri kutoka kizazi hadi kizazi ni yai. Mbegu ya kiume haina nafasi ya kumbeba. Kwa hiyo kwa Wolbachia mdudu dume ni mwisho wa safari, na jike ndiye gari. Shikeni jambo hilo, maana karibu kila hila ya bakteria huyu inatokana nalo: anapendelea majike, na yuko tayari kuwadhulumu madume ili majike wenye bakteria wazae kuliko wenzao.

Hila inayotuhusu leo ni hii. Dume mwenye Wolbachia hutoa mbegu zilizoharibiwa kwa namna maalumu. Mbegu hizo zikikutana na yai lisilo na Wolbachia, kromosomu za baba hushindwa kujigawa sawasawa katika mgawanyo wa kwanza, na kiinitete hufa. Zikikutana na yai lenye Wolbachia wa aina ile ile, uharibifu unarekebishwa na mtoto anakua bila shida. Baba anafunga kufuli, ufunguo uko kwa mama. Mwaka 2017 jeni mbili za bakteria zinazofanya kazi hiyo zilitambuliwa, zikaitwa cifA na cifB.

Sasa wekeni makundi mawili ya mdudu mmoja, kila moja na aina yake ya Wolbachia. Kila upande una kufuli lake na ufunguo wake. Dume wa huku akipanda jike wa kule, mayai yanakufa; ukigeuza, yanakufa pia. Wadudu hao wanaweza kuwa na jeni zinazofanana kwa kila kitu, sura moja, nyimbo zao za uchumba zile zile, na bado wasipate watoto. Hapa hakuna mto wala mlima.

Mjerumani Hans Laven aliliona jambo hili katika miaka ya 1950 alipokuwa akipandisha mbu wa Culex kutoka sehemu mbalimbali. Baadhi ya jozi hazikutoa watoto kabisa. Hakujua sababu. Mwaka 1971 Janice Yen na Ralph Barr waliwapa mbu wa namna hiyo antibayotiki aina ya tetrasaiklini, Wolbachia wakafa, na mbu waliokuwa hawazaani wakazaa. Nawasihi mlitumie jaribio hili darasani, hata kwa kulisimulia tu, kwa sababu linaonyesha mantiki ya sayansi kwa uzuri kuliko majaribio mengi yaliyomo vitabuni: ondoa kitu kimoja, kizuizi kinatoweka, basi kitu hicho ndicho kilichokuwa kizuizi.

Lakini mtu mwenye akili atauliza: mbu wa Laven walikuwa spishi mpya? Hapana. Watu wanaendelea kuwahesabu katika kundi lile lile la Culex. Hapo ndipo mjadala ulipo. Kizuizi cha bakteria peke yake ni dhaifu kwa muda mrefu, kwa sababu Wolbachia husambaa. Mwaka 1991 Michael Turelli na Ary Hoffmann walieleza jinsi Wolbachia alivyosambaa ndani ya vinzi wa Drosophila simulans huko California kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa mwaka, karibu sawa na umbali wa hapa hadi Mpwapwa. Makundi mawili yakichanganyika kwa wingi, aina moja ya bakteria inaweza kuimeza nyingine, kila mmoja akabaki na ufunguo mmoja, na kizuizi kikafa. Ili kidumu, makundi yawe yamekaa mbalimbali kwa kiasi fulani, au jambo jingine lije lijiegemeze juu yake kabla hakijaporomoka. Mchoro wetu wa mto na mlima, kwa hiyo, hautupwi. Unapata mshirika.

Ushahidi ninaouona kuwa safi zaidi unatoka kwa nyigu wadogo wa jamii ya Nasonia, ambao hutaga mayai ndani ya pupa wa nzi, yaani buu aliyejifunga ganda kabla ya kuwa nzi kamili. Marekani kuna spishi mbili zilizoachana si muda mrefu kijiolojia: Nasonia giraulti wa mashariki na Nasonia longicornis wa magharibi. Seth Bordenstein, Patrick O'Hara na John Werren walizipandisha mwaka 2001. Zikiwa na Wolbachia wao, machotara hawapatikani. Walipoondoa bakteria kwa antibayotiki, machotara walizaliwa kwa wingi, wakiwa na afya na uwezo wa kuzaa. Maana yake ni kwamba kwa jozi hii bakteria walitangulia. Jeni za nyigu bado hazijatofautiana kiasi cha kuzuia uzazi, na hata katika kuchagua mwenza hawabaguani sana. Ukiuliza nini kinawatenganisha leo, jibu ni umbali na Wolbachia.

Mfano wa pili ni wa vinzi wanaokula uyoga Amerika ya Kaskazini, Drosophila recens na Drosophila subquinaria. Wa kwanza karibu wote wana Wolbachia, wa pili hawana. Kizuizi hapa ni cha upande mmoja: jike wa subquinaria akipandwa na dume wa recens, watoto wengi hufa. Timu ya John Jaenike ikagundua mwaka 2006 kwamba majike wa subquinaria wanaoishi mahali spishi hizi zinapokutana huwakataa madume wa recens kwa ukali zaidi kuliko majike wa subquinaria wa maeneo ambako recens hawafiki. Jike anayekubali ovyo anapoteza mayai yake, na vizazi vikipita wanabaki wenye kuchagua. Kwa maoni yangu huu ndio mfano wa kuukumbuka kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu hapo kizuizi cha bakteria kinazaa kizuizi cha tabia, na tabia imo katika jeni za mdudu. Hata Wolbachia akitoweka kesho, jike ameshajifunza, kwa lugha ya mageuko, kusema hapana.

Kuna bakteria wengine, wa tumboni, nao wana habari zao, ila hapa naomba tupunguze mwendo. Mwaka 2010 watafiti wa Israeli, wakiongozwa na Gil Sharon, walilisha vinzi wa Drosophila melanogaster vyakula viwili tofauti, wanga na molasi, na vinzi wakaanza kupendelea wenza waliokula chakula kama chao. Walipowapa antibayotiki upendeleo ulipotea. Walipowarudishia bakteria, ukarudi. Habari ilienea sana, na ni rahisi kuona sababu. Fikirini vinzi wanaozengea zabibu zilizoanza kuchacha huko Makutupora na Hombolo, na wenzao wanaozengea maembe: je, chakula tu kingewatenga? Inavutia mno. Tatizo ni kwamba timu nyingine ilirudia jaribio hilo, ikachapisha mwaka 2017 kwamba haikuona upendeleo huo. Siku hizi mimi sianzi nalo somo.

Tuje hapa kwetu.

Mbung'o mnamfahamu. Ukitoka hapa ukaelekea Manyoni na mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, hata vioo vya gari ukivifunga atakupata. Ni mdudu anayeishi kwa damu tu, na damu haina vitamini B za kutosha. Anazipata kwa bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayekaa katika kiungo maalumu tumboni mwake. Mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wengine. Anabeba mtoto mmoja tumboni, anamlisha maziwa kutoka tezi zake, kisha anamzaa akiwa buu mkubwa anayejichimbia ardhini. Wigglesworthia anapita kwa mtoto kupitia maziwa hayo. Ukimwondoa bakteria huyo, jike hazai. Ukichora ukoo wa spishi za mbung'o na ukoo wa Wigglesworthia wao, michoro inalingana: wamekuwa wakigawanyika pamoja kwa mamilioni ya miaka. Hilo halimaanishi kwamba bakteria ndiye aliyewagawa. Kufuatana njiani si kuongoza njia, na wanafunzi huchanganya mambo haya mawili kila mwaka.

Wolbachia naye yumo ndani ya mbung'o, hasa Glossina morsitans, na majaribio ya maabara ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kufuli lake huko ni kali. Hapa historia ya nchi yetu inaingia. Tanganyika ya wakoloni ilikuwa na idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao Shinyanga. Mkuu wake wa kwanza, Charles Swynnerton, alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na jina lake limebaki kwa mbung'o wa kaskazini mwa nchi, Glossina swynnertoni. Katika idara hiyo alifanya kazi F. L. Vanderplank, aliyegundua kwamba swynnertoni na morsitans wanapandana bila kusita, lakini watoto wao ni wachache na machotara wa kiume ni tasa. Mwaka 1944 alichapisha pendekezo la kutumia jambo hilo kuwamaliza mbung'o, kisha akalijaribu porini: alimwaga pupa wengi wa morsitans katika eneo la swynnertoni. Swynnertoni wakapungua mno, na morsitans wenyewe hawakudumu kwa sababu eneo lilikuwa kavu mno kwao. Haya yalifanyika hapa miaka kabla ya Wamarekani kusifika kwa kuachia nzi tasa. Matokeo yake kamili yalikaa kabatini hadi yalipochapishwa mwaka 2012.

Vanderplank hakuwa na namna ya kujua habari za Wolbachia ndani ya mbung'o wake. Watafiti wa baadaye wameona kwamba katika machotara wa jamii ya morsitans, Wolbachia waliokuwa wachache mno mwilini huongezeka ghafla, na inashukiwa kwamba wanachangia utasa. Wanachangia kiasi gani, na jeni za mbung'o zinachangia kiasi gani, ni swali ambalo ningependa kijana wa hapa alijibu. Mbung'o anao nje ya mji.

Wa pili ni kipepeo. Yule wa rangi ya chungwa anayeruka polepole kama hana haraka ya maisha, ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe: Danaus chrysippus. Wapo wenye ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe, na wapo wasio na weusi huo, ambao wamezoeleka katika nchi kavu. Mapema katika miaka ya 1970, David Smith alikuwa akiwafuga Dar es Salaam akakutana na majike waliozaa mabinti watupu. Chanzo ni bakteria mwingine, Spiroplasma, anayeua watoto wa kiume wakiwa bado ndani ya yai. Afrika Mashariki, hasa kandokando ya Nairobi, aina kadhaa za kipepeo huyu hukutana na kuchanganyika. Kazi iliyochapishwa mwaka 2020 na Simon Martin na wenzake ilionyesha kwamba majike wenye Spiroplasma wana kromosomu yenye jeni za rangi ya mbawa iliyoungana na kromosomu ya kike. Kwa vipepeo jike, kromosomu hazibadilishani vipande wakati wa kutengeneza mayai, kwa hiyo furushi hilo zima, kromosomu pamoja na bakteria, linashuka kutoka kwa mama hadi kwa binti bila kuguswa. Wapo wanaosema huu ni mwanzo wa kutengana kwa spishi. Mimi naona mapema. Ukoo usio na watoto wa kiume unalazimika kuolewa na majirani kila kizazi, na kuolewa na majirani kila kizazi si kutengana.

Mchwa nawapitia haraka ingawa vichuguu ndivyo vilivyojaa kila upande wa mkoa huu. Mchwa wetu wakubwa, wale wanaotupa kumbikumbi mvua zikianza, wanalima kuvu wa Termitomyces ndani ya kichuguu, na ushirika huo ulianzia Afrika takribani miaka milioni 30 iliyopita. Mara nyingi, katika spishi nyingi, makoloni mapya huokota mbegu za kuvu kutoka nje, hayarithi kutoka kwa wazazi. Kwa hiyo kuvu na mchwa hubadilishana washirika, na ukoo wao haulingani kwa ukaribu ule wa mbung'o na Wigglesworthia. Mshirika asiyerithiwa ana nguvu ndogo ya kutenga koo.

Jambo moja la mwisho, kwa wale wenye wanafunzi wa vyuo au miradi ya kutambua wadudu kwa kipande kifupi cha DNA ya mitokondria, vile vichembe vya ndani ya seli vinavyotengeneza nishati. Mitokondria inashuka kwa mama tu, kwenye yai lile lile analopandia Wolbachia. Wolbachia akivuka kutoka spishi moja hadi nyingine kwa njia ya chotara mmoja wa kike, kisha akasambaa, anaburuta mitokondria ya kigeni nyuma yake. Imetokea kwa vipepeo wa Afrika Mashariki, Acraea encedon na Acraea encedana: ni spishi mbili, lakini mitokondria zao zinasomeka kama za ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo bakteria huyu huyu anayejenga mpaka anaweza pia kuufuta mbele ya macho ya mtu wa maabara. Kabla hamjatangaza spishi mpya, au kuunganisha mbili kuwa moja kwa ushahidi wa mitokondria peke yake, pimeni kwanza Wolbachia.

Baada ya hapo mwalimu mmoja kutoka Kongwa alisimama. "Ndugu mtoa mada," akasema, "mwanafunzi wangu akiniuliza kama antibayotiki inaweza kuzirudisha spishi mbili kuwa moja, nimjibu nini?"

Mjibu, dada yangu, kwamba inategemea wameachana tangu lini. Kwa Nasonia giraulti na Nasonia longicornis, ndani ya chupa za maabara, karibu ndiyo. Wana ndugu wa tatu, Nasonia vitripennis, aliyejitenga nao zamani zaidi. Ukimpandisha na giraulti wakiwa na bakteria wao, machotara hawaji. Ukiwapa antibayotiki, mabinti chotara wanazaliwa wazima, na kwa siku chache unaweza kudhani umeziunganisha spishi. Subiri wajukuu. Wengi wa wale wa kiume wanakufa wakiwa bado mabuu, kwa sababu tangu zamani hizo jeni zao zimekwisha kuachana, na kwa hilo tetrasaiklini haina la kufanya.